Mlango wa Mto ni Amana: Somo Kutoka Delta ya Rufiji

(Ifuatayo ni mada iliyotolewa katika darsa ya kila mwezi baada ya Swala ya Alasiri. Tunaichapisha kwa faida ya waumini ambao hawakupata nafasi ya kuhudhuria.)

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu Mtukufu, Muumba wa mbingu na ardhi na vilivyomo baina yake. Swala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad (SAW), aali zake, masahaba zake na kila aliyefuata mwendo wao kwa wema mpaka Siku ya Malipo. Ama baad.



Tumepewa nafasi hii tuzungumze juu ya amana. Mara nyingi likitajwa neno amana, mawazo ya watu huenda kwenye fedha iliyowekwa kwa mtu, au siri aliyoambiwa rafiki. Hizo ni amana bila ya shaka. Lakini leo tunapenda kuitaja amana nyingine ambayo wengi wetu hapa mjini hatujaiona kwa macho, ilhali tunakula kutokana nayo na wengine tunalala chini ya miti yake. Nayo ni mlango wa mto, yaani mahali ambapo mto unaishia na bahari inaanzia.

Tuanze na kosa letu wenyewe, kwa sababu mwenye kunasihi anapaswa kuanza na nafsi yake. Miaka michache iliyopita madrasa yetu ilihitaji banda la darasa la pili. Mfadhili mmoja, Mwenyezi Mungu amlipe kwa nia yake, akatuletea gari zima la boriti na pau. Zilikuwa boriti nzuri, nyekundu, zimenyooka, na bado zilikuwa na harufu ya matope ya pwani. Tukamshukuru, tukaomba dua, tukaezeka. Hapakuwa na hata mmoja wetu, sisi walimu tunaowafundisha watoto mlango wa halali na haramu, aliyeuliza: boriti hizi zimekatwa wapi? Zimekatwa na nani, na kwa kibali gani?

Mwaka uliofuata tukapata safari ya da'wa katika delta ya Mto Rufiji. Huko ndiko tulikoviona visiki.

ZILIKOTOKA BORITI

Delta ya Rufiji ipo kusini mwa Dar es Salaam, kwa sehemu kubwa katika Wilaya ya Kibiti, Mkoa wa Pwani, ikikabiliana na Kisiwa cha Mafia. Mto Rufiji huanzia pale Mto Kilombero unapokutana na Luwegu, kisha huupokea Ruaha Mkuu. Maji yake hukusanywa kutoka eneo la takriban kilomita za mraba 177,000, ambalo ni kama sehemu moja ya tano ya Tanzania Bara. Kwa hiyo mvua inayonyesha katika nyanda za Iringa na Mbeya, sehemu yake huishia kupita mbele ya misikiti ya vijiji vya delta.

Unapoikaribia bahari, mto huo haufiki kwa mkono mmoja. Hugawanyika katika mikono mingi, na kila mkono una mlango wake: Simba Uranga, Kiomboni, Msala na mingineyo. Baina ya mikono hiyo kuna mahori, visiwa vya matope na msitu wa mikoko unaozidi hekta 40,000, ambao ni miongoni mwa misitu mikubwa kabisa ya mikoko katika pwani yote ya Afrika Mashariki. Mwaka 2004 eneo la Rufiji, Mafia na Kilwa liliingizwa katika orodha ya Mkataba wa Ramsar wa ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa, likiwa na hekta zipatazo 597,000.

Tulipanda mashua Nyamisati. Katika kijiji tulichofikia tulimkuta mzee mmoja mvuvi akishona kimia chake kivulini.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwalimu. Karibuni, mmefika na maji yakijaa."

Baada ya kujuliana hali tukamuuliza habari za kamba, kwa sababu tulikuwa tumesikia kuwa kamba wanaoliwa Dar es Salaam na wanaosafirishwa ng'ambo wengi wao hutoka huko. Akatujibu: "Mwalimu, kamba huzaliwa baharini, hulelewa hapa, kisha hurudi baharini kuzaa. Sisi watu wa delta ni walezi tu."

Tukamuuliza: "Na mikoko ikikatwa?"

Akasema: "Mlezi akiibomoa nyumba, mtoto atalelewa wapi?" Kisha akanyamaza kidogo, akaongeza: "Lakini msinihukumu, mwalimu. Na mimi nina shamba la mpunga pale nyuma, palikuwa na mikoko. Wajukuu hawashibi kwa kamba peke yake."

Ndugu zetu, maneno ya mzee yule ndiyo tunayotaka kuyafafanua leo: ukweli wake wa kwanza na ukweli wake wa pili.

MAJI MAWILI YANAPOKUTANA

Kwa Kiarabu mlango wa mto huitwa masabb, yaani mahali pa kumiminia. Na ndani ya Qur'ani Tukufu, katika Suratul Furqan, Mwenyezi Mungu ametukumbusha habari ya maji mawili, moja tamu na jingine la chumvi, na kizuizi alichokiweka baina yake. Neno lililotumika kwa kizuizi hicho ni barzakh. Wengi wetu tunalijua neno hili kwa maana ya maisha ya kaburini, lakini asili yake katika lugha ni kitu kinachokaa kati ya vitu viwili. Wafasiri wameieleza aya hiyo kwa njia mbalimbali, na hatukuja hapa kuifanya iwe kitabu cha jiografia. Inatutosha kwamba tumeelekezwa tuitazame alama hiyo na tuzingatie. Basi tuitazame.

Maji ya bahari ni mazito kuliko maji ya mto kwa sababu ya chumvi. Mto unapofika baharini, maji matamu huelea juu na maji ya chumvi huingia chini yake, yakipanda kuelekea bara. Mstari wa kukutana kwao hautulii mahali pamoja. Bahari hujaa na kupwa mara mbili kila siku. Wakati wa bamvua tofauti baina ya kujaa na kupwa huzidi mita 3, na wakati wa maji mafu hupungua. Masika mto hupata nguvu na kuisukuma chumvi nje. Kiangazi mto hudhoofika na chumvi hupanda juu ya mahori. Kiumbe anayeishi hapo hana budi kuvumilia maji matamu asubuhi na maji ya chumvi mchana.

Miti mingi ingekufa kwa hali hiyo. Lakini mikoko imejaaliwa njia zake. Mlilana huielekea bahari moja kwa moja. Mkoko husimama juu ya mizizi mirefu iliyopinda kama miguu, na mbegu yake huota ikiwa bado juu ya mti, kisha huanguka ikachoma tope kama mkuki au huelea mpaka ipate pa kushika. Mchu hutoa mizizi midogo inayochomoza juu ya tope ili kuvuta hewa, na majani yake huitoa chumvi nje, hata ukiyalamba utaionja. Nyuma yake kuna mkandaa, msindi na mkomafi, na upande wa bara, maji matamu yanapozidi, kuna msikundazi. Kila mti una mahali pake kwa kadiri ya chumvi unayoivumilia.

GHALA LISILO NA MLANGO

Kwa nini mahali hapa pana rutuba kuliko bahari ya wazi na kuliko mto wenyewe? Jibu ni kwamba panapokea kutoka pande mbili. Mto huleta udongo na virutubisho kutoka bara. Bahari kwa kujaa na kupwa huvichanganya na kuvisambaza. Maji yanapofika kwenye mizizi ya mikoko hupungua kasi, na tope lililobebwa hutua chini. Majani ya mikoko huanguka mwaka mzima. Kaa huyavuta shimoni na kuyatafuna, vijidudu visivyoonekana kwa macho huyaozesha, na mabaki yake huwa chakula cha minyoo, uduvi, konokono na vitoto vya samaki. Juu ya hayo, maji yale ni ya tope, hivyo samaki wakubwa hawaoni vizuri, na mizizi imesongamana, hivyo hawapiti. Kitoto cha samaki hupata chakula na maficho mahali pamoja.

Kamba jike hutaga mayai baharini. Vitoto vyake huelea na maji kwa wiki mbili hadi tatu, vikibadilika umbo mara kwa mara, kisha huingia katika mahori pamoja na maji yanayojaa. Humo hukaa miezi michache wakila na kukua. Wakishapevuka hutoka kuelekea baharini, hasa mto unapopata maji mengi. Mwatiko na mkizi nao wana safari kama hiyo. Kwa hiyo mvuvi anayeshusha nyavu zake nje, baina ya delta na Mafia, akapata riziki ya watoto wake, huenda anavua mnyama aliyelelewa chini ya mkoko wa mtu ambaye hatamjua maisha yake yote.

Hapa ndipo tunapoiona maana ya amana. Aliyeukata mkoko ule hakumpora jirani yake wa mlango wa pili, ambaye angeweza kwenda kumwomba radhi. Amempunguzia riziki mtu asiyemjua. Nasi tunafundishwa kwamba haki ya mja haiondoki kwa istighfari peke yake mpaka mwenyewe arudishiwe au asamehe. Je, tutamtafuta wapi mvuvi huyo ili atusamehe?

Na si binadamu peke yao wenye fungu katika ghala hili. Katika mikono ya juu ya delta kuna viboko na mamba. Juu ya miti kuna kima. Maji yanapokupwa, matope hujaa korongo, yangeyange na ndege wadogo wa matopeni wenye midomo mirefu, ambao baadhi yao huruka kutoka nchi za baridi za kaskazini ya dunia kuja kujilisha katika pwani yetu, kisha hurudi kwao kutaga. Nje ya milango ya mto kuna majani ya baharini, malisho ya kasa na ya nguva. Nguva amekuwa adimu mno katika bahari yetu, na maji haya baina ya Rufiji, Mafia na Kilwa ni miongoni mwa mahali pachache ambapo bado anaonekana. Qur'ani imewaita wanyama na ndege kuwa ni umati mfano wetu. Umati una makazi, na makazi yana haki.

MPUNGA NA MIKOKO

Sasa tuuendee ukweli wa pili wa mzee wetu. Ingekuwa rahisi kwetu sisi wa mjini kusimama hapa tukawalaumu Warufiji na Wanyagatwa wa delta kwa kukata mikoko. Lakini insafu inatutaka tueleze kwa nini wanakata.

Watu wa delta wamelima mpunga kwa vizazi vingi. Mpunga unahitaji maji matamu. Zamani sehemu kubwa ya maji ya mto ilikuwa ikielekea kusini mwa delta, na mashamba yalikuwa huko. Mwishoni mwa miaka ya 1970, baada ya mafuriko makubwa, mto ulibadili njia na maji mengi yakaelekea kaskazini. Kusini chumvi ikazidi, mashamba yakaharibika. Wakulima waliyafuata maji matamu kaskazini, na huko walikuta mikoko. Wakafyeka, wakachoma, wakajenga madungu yao ya kulindia mpunga.

Miaka ya mwanzo shamba kama hilo huzaa vizuri, kwa kuwa ardhi ina rutuba iliyowekwa na mikoko kwa miaka mingi. Lakini miti ikiisha, hakuna majani yanayoanguka, na rutuba haina wa kuirudisha. Magugu huingia. Kaa, ambao jana walikula majani ya mikoko, leo hukata miche ya mpunga, na wapo wakulima waliofikia kuwamwagia sumu. Sumu hiyo haibaki shambani; maji ya bamvua huja kuichukua na kuipeleka kwa vitoto vya kamba. Baada ya miaka michache, shamba huachwa na mkulima hufyeka jingine. Na shamba lililoachwa halirudi kuwa msitu kwa haraka, kwa sababu magugu yameshika na mbegu za mikoko hazipati pa kutua. Kwa njia hii zimepotea maelfu ya hekta.

Na upande wa pili kuna sisi wanunuzi. Mikoko huuzwa kwa daraja: fito, pau, mazio, boriti na nguzo. Kwa karne nyingi majahazi yalizibeba boriti za Rufiji mpaka Uarabuni, na nyumba za miji ya pwani yetu zimejengwa kwa upana wa boriti hizo. Leo mikoko ni hifadhi ya serikali chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, na kuikata kunahitaji kibali. Lakini boriti isiyo na kibali hukatwa usiku kwa sababu asubuhi ina mnunuzi. Na mnunuzi, kama tulivyokiri, anaweza kuwa madrasa. Anaweza kuwa msikiti.

Tunakumbuka kisa alichokipigia mfano Mtume (SAW), kilichomo katika Sahih Bukhari, cha watu waliogawana chombo cha baharini, wengine juu na wengine chini. Wa chini walikuwa wakipanda juu kuteka maji, wakaona wanawaudhi wenzao, wakafikiri kutoboa tundu katika fungu lao. Wakiachwa, wote huangamia. Wakishikwa mikono, wote huokoka. Tuzingatie jambo moja ambalo mara nyingi tunalipita: wale wa chini hawakuwa waovu. Walikuwa na kiu. Haja yao ilikuwa ya kweli, ila njia waliyoichagua ndiyo ya hatari. Basi kuwashika mikono peke yake hakutoshi, ikiwa hakuna atakayewapa maji. Anayemwambia mkulima wa delta aache kukata, na asimsaidie kupata chakula cha wanawe, amefanya nusu ya kazi.

Na wala tusidhani kuwa watu wa delta hawajui thamani ya mahali pao. Katika miaka ya 1990 kampuni moja ilileta mpango wa kuchimba mabwawa ya kufuga kamba humo, kwa kiasi cha hekta 10,000, na mpango huo ulikubaliwa na serikali mwaka 1997. Wakazi wengi waliupinga, wakalifikisha jambo hilo mahakamani, na mwisho wake mradi haukutekelezwa. Wanavijiji wale waliutetea mlango wa mto pale wenye elimu na mamlaka walipokuwa wamekwisha kuridhia.

WA JUU NA WA CHINI

Tumesema kuwa ghala hili hupokea kutoka pande mbili. Kwa hiyo halilindwi kwa mikoko peke yake. Likikosa maji ya mto, mikoko nayo haitafaa kitu.

Ruaha Mkuu, ambao zamani ulitiririka mwaka mzima, tangu mwaka 1993 umekuwa ukikauka nyakati za kiangazi katika sehemu inayopita Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, kwa sababu ya maji mengi kuchukuliwa na matumizi mengine huko juu katika bonde la Usangu. Na katika Mto Rufiji wenyewe limejengwa Bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa kuzalisha megawati 2,115 za umeme. Lilianza kujazwa maji mwezi Desemba 2022, na mtambo wake wa kwanza ulianza kuzalisha umeme mwaka 2024.

Hatusemi kuwa bwawa ni jambo baya. Taa zinazowaka katika msikiti huu zinahitaji umeme, na hospitali zetu pia. Tunasema kuwa kila bwawa, popote duniani, hufanya mambo mawili: huzuia udongo ambao mto ungeupeleka pwani, na hubadili nyakati za maji kuongezeka na kupungua. Viumbe wa mlango wa mto wamezoea nyakati hizo kama sisi tulivyozoea adhana.

Sisi tuliosoma kwa Kiarabu tunayo mifano karibu nasi. Huko Misri, kabla ya Bwawa Kuu la Aswan, mafuriko ya Nile yalipofika baharini kwenye milango ya Rashid na Dumyat yalilisha dagaa wengi. Mwaka 1962 wavuvi walipata dagaa tani zipatazo 18,000. Maji ya Nile yalianza kuzuiwa mwaka 1964, na kufikia mwisho wa muongo huo mavuno yalikuwa yamepungua hadi chini ya tani 1,000. Ilichukua zaidi ya miaka 15 hali kuanza kurejea, na hata hivyo wataalamu wanasema kilicholisha bahari safari hii, kwa sehemu kubwa, ni mbolea za mashambani na maji machafu ya mijini. Na pwani ya Rashid, kwa kukosa udongo wa Nile, imeliwa na mawimbi.

Je, sheria yetu inasemaje kuhusu wa juu na wa chini? Ipo kadhia mashuhuri ya Zubayr bin Al-Awwam (RA) na jirani yake katika Ansari, waliogombea mfereji wa kumwagilia mitende huko Harra, Madina. Mtume (SAW) alimpa Zubayr, aliyekuwa juu, haki ya kumwagilia kwanza, kisha akamwamuru ayaachie maji yaende kwa jirani yake. Mafakihi wamejenga juu ya kadhia hiyo milango mizima ya haki za maji. Nasi tunachukua humo jambo jepesi kufahamika: aliye juu ana haki ya kutangulia, lakini haki yake ina kikomo, na baada ya kikomo hicho maji ni ya aliye chini.

Kwa hiyo wanavijiji wa delta wanapouliza maji yatafunguliwa lini na kwa kiasi gani, wasionekane wanapinga maendeleo. Wanaulizia fungu lao. Na tumeona pia kuwa maji yakizidi nayo ni msiba: mwezi Aprili 2024 mafuriko makubwa yalizikumba wilaya za Rufiji na Kibiti, nyumba na mashamba yakazama na watu wengi wakahama. Anayeishi chini ya mto anahitaji kuambiwa mapema katika hali zote mbili, ya maji kupungua na ya maji kuzidi.

TUFANYE NINI?

Ndugu zetu, elimu isiyofuatwa na amali ni hoja dhidi ya mwenye nayo. Tunapendekeza mambo haya:

Kwanza, misikiti na madrasa zetu zisipokee boriti wala mbao bila kuuliza asili yake na kuona kibali. Sadaka njema haichukii kuulizwa. Kama mfadhili hajui, na aende akamuulize muuzaji.

Pili, ndugu zetu wa delta wasifungue shamba jipya katika mikoko hai. Nguvu ielekezwe kwenye mashamba yaliyopo na kwenye mpunga wa bara. Sumu ya kaa na utupa wa samaki viachwe kabisa, na nyavu za matundu madogo zitolewe katika mahori, kwa sababu humo ndimo wanamolelewa vitoto.

Tatu, mashamba yaliyoachwa yapandwe mikoko, lakini kwa ujuzi. Mlilana usipandwe mahali pa msikundazi. Mahali pengine inatosha kuondoa magugu na kuzibua njia za maji, na bahari yenyewe italeta mbegu. Tunafahamu sote mafundisho ya Mtume (SAW) juu ya mwenye mche mkononi, hata kama Kiyama kimekaribia kusimama.

Nne, sisi wa mjini tusiwaachie wenzetu mzigo peke yao. Ufugaji wa nyuki katika mikoko na unenepeshaji wa kaa ni kazi zinazoiacha miti imesimama. Zinahitaji mtaji mdogo na soko la uaminifu. Mifuko yetu ya sadaka inaweza kuanza hapo, na wafanyabiashara miongoni mwetu wanaweza kununua asali na kaa hao kwa bei ya haki.

Tano, wazee na maimamu wa delta wahudhurie mikutano ya vijiji na vikao vya watumiaji maji, waulize kwa adabu na kwa kuendelea, mpaka wapewe majibu. Walimu wa madrasa wawapeleke watoto kuuona mkoko, kaa na kamba mdogo, ili mtoto ajue kuwa aya aliyoihifadhi inazungumzia mahali anapoweza kupafikia kwa miguu yake.

Ama kuhusu boriti zetu, tulikaa kikao cha walimu baada ya kurudi. Wengine walisema tuzivunje, wengine wakasema kuzivunja hakuurudishi mti. Tukakubaliana zibaki juu, na kila mwaka tutoe katika mfuko wa madrasa kiasi cha kusaidia kupanda mikoko katika kijiji kile, kwa usimamizi wa wanakijiji wenyewe. Hatudai kuwa tumeilipa haki ya kila mtu. Mvuvi wa nje, ambaye hatumjui, bado anatudai. Lakini kila tunapoinua macho darasani tunaziona, na tunawaeleza wanafunzi habari yake bila ya kuficha.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa miongoni mwa wanaozirudisha amana kwa wenyewe, wanaowajua na wasiowajua. Awabariki watu wa delta katika mpunga wao na katika bahari yao, na awape walio juu ya mto moyo wa kuwakumbuka walio chini. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.